Niliyojifunza tulipohama kutoka meli kongwe ya mafuta

Meli ya kwanza ya mafuta niliyoifanyia kazi ilikuwa na mlango wa chuma, upande wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma ya meli, ambao haukukubali kufungika mpaka uupige teke chini, kisha uusukume kwa bega, ndipo komeo liingie mahali pake. Hakuna kitabu kilichoeleza jambo hilo. Nilielezwa na serahangi wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani, mzee mwenye asili ya Ufilipino aliyekuwa ameitumikia meli hiyo kwa miaka kumi na minne, siku yangu ya pili ndani ya meli, huku akicheka kwa sababu nilikuwa nimepambana na mlango ule kwa dakika nzima. Nilipohamishiwa kwenye meli mpya miaka kadhaa baadaye, milango yote ilifungika kwa mkono mmoja, nami nilijikuta wiki nzima nikipiga teke vyuma visivyo na kosa lolote.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Ami yangu alikuwa fundi wa kukalafati majahazi, yaani kuziba mianya ya mbao zake, katika Bandari ya Kale, na nilipokuwa kijana nilifanya vibarua vya kufunga kamba za meli zilizoleta mafuta Shimanzi. Nilifika Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikakaa, nikala kiapo cha uraia, kisha nikaomba kazi ya ubaharia katika Military Sealift Command, kamandi inayoendesha meli za usaidizi za Jeshi la Majini la Marekani. Watu wengi hunidhania mwanajeshi nikiwaambia hivyo, na inanibidi nieleze kila mara kwamba meli hizo, ingawa ni mali ya jeshi na zimepakwa rangi ya kijivu, huendeshwa na mabaharia raia kama mimi, wenye vyeti vile vile vinavyohitajika kwenye meli za biashara, chini ya nahodha ambaye naye ni raia. Hatubebi mizinga. Tunabeba mafuta, na pamoja nayo vyakula, barua na vipuri.

Swali la pili ambalo huulizwa, hasa na jamaa zangu wa nyumbani, ni kwa nini jeshi lenye manowari za kubebea ndege zinazoendeshwa kwa nishati ya nyuklia liendelee kuhangaika na meli za mafuta. Jibu ni jepesi. Manowari yenyewe inaweza kukaa miaka bila kuhitaji mafuta ya injini zake, lakini ndege zilizo juu ya sitaha yake hunywa mafuta kila zinaporuka, na manowari ndogo zinazoilinda pande zote hutumia mafuta ya kawaida ambayo hupungua siku hadi siku. Kwa hiyo tulikuwa tukibeba aina mbili: dizeli ya meli, na mafuta ya ndege yaitwayo JP-5, ambayo yalichaguliwa kwa matumizi ya baharini kwa sababu mvuke wake haushiki moto kwa urahisi mpaka joto lifikie nyuzi 60. Moto ndani ya meli si jambo ambalo mtu hulikimbia akatoka nje.

Utaratibu wa kujazana mafuta meli zikiwa mwendoni una zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, meli ya mafuta USS Maumee ilizipa mafuta manowari ndogo zilizokuwa zikivuka Atlantiki kuelekea Ireland, na mmoja wa maofisa waliobuni namna ya kufanya hivyo alikuwa Chester Nimitz, ambaye baadaye alikuja kuongoza Kikosi cha Pasifiki cha Jeshi la Majini la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Maumbo ya vifaa yamebadilika tangu wakati huo, ila mtu wa mwaka 1917 akisimama leo kwenye sitaha yetu ataelewa mara moja tunachokifanya.

Manowari inayotaka mafuta huja kwa nyuma, ikajipanga sambamba nasi, na meli zote mbili zikashika mwendo mmoja, mara nyingi kati ya noti 12 na 16, yaani maili za baharini kwa saa. Katikati yake hubaki mita kama hamsini za maji. Maji hayo hayatulii. Yakibanwa kati ya kuta mbili za chuma yanakwenda kasi kuliko maji ya nje, na kasi hiyo hupunguza msukumo wake, hivyo meli zikikaribiana mno huanza kuvutana zenyewe, hata mshika usukani asipofanya kosa lolote. Ndiyo maana kuna kamba inayonyooshwa kutoka meli hii hadi ile, yenye bendera ndogo za rangi kila futi 20, kijani, nyekundu, njano, buluu, nyeupe, kisha rangi zinaanza upya, ili walio juu darajani, katika chumba cha kuongozea meli, wasome umbali kwa jicho moja tu. Teknolojia yote ya rada ipo, na bado watu huangalia kamba yenye vitambaa.

Kisha hurushwa kamba nyembamba kwa bunduki maalumu. Kamba hiyo huvuta kamba nene zaidi, nayo ile nene huvuta waya mzito wa chuma, na waya ukishafungwa upande wa pili na kukazwa, mpira wa mafuta huning'inizwa chini yake kwa vigari vidogo, ukasukumwa kuelekea manowari ukiwa umepinda mafundo mafundo, kama nguo nzito zilizoanikwa na mtu mwenye haraka. Mwisho wa mpira una pua ya chuma, na upande wa pili unangoja mdomo mpana mfano wa faneli. Pua ikiingia sawasawa, hutoa mlio mmoja mzito unaosikika hata juu ya kelele za bahari, na watu wa pande zote mbili hupumua. Hapo ndipo pampu huwashwa. Bendera nyekundu hupepea muda wote wa kumimina mafuta. Kila mtu kwenye sitaha huvaa kofia ngumu ya rangi ya kazi yake, njano kwa msimamizi wa kituo, kahawia kwa waendesha winchi, buluu kwa sisi tuliokuwa tukishika kamba, kwa sababu katika upepo ule jina la mtu halisikiki.

Katika mwezi wangu wa tatu nilisimama ndani ya kitanzi. Naomba nieleze, kwa kuwa ni kosa la kijinga na linaua. Kamba nene ilikuwa imelazwa kwenye sitaha kwa mikunjo mirefu, tayari kuvutwa na manowari, nami niliona sehemu moja imejisokota nikaingia kuinyoosha kwa mguu. Wakati huo huo upande wa pili walianza kuvuta. Sikuiona kamba ikianza kwenda. Nilichohisi ni mkono ulionikamata kwa nyuma kwenye jaketi la kuokolea maisha na kunitupa chali juu ya chuma, na nilipoinua kichwa, mahali palipokuwa na miguu yangu kamba ilikuwa ikipita kwa kasi ya kuchoma. Serahangi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba katika meli ile, kituo kile, kamba ya upande wa kushoto hujisokota sikuzote pale pale karibu na bomba la tatu, na kwamba mtu husubiri ijinyooshe yenyewe. Alijua hivyo kama alivyojua mlango.

Meli hiyo ilikuwa ya daraja la Henry J. Kaiser, yaani kundi la meli za aina moja linaloitwa kwa jina la meli yake ya kwanza. Daraja hilo lilianza kazi mwaka 1986 na meli yake ya mwisho ikapokelewa mwaka 1996, zote zikiwa zimejengwa katika karakana ya Avondale, jirani na New Orleans. Ziliagizwa kumi na nane, ila mbili kati yake, ambazo kazi yake ilianzishwa kwingine, hazikumalizwa kamwe na mwishowe zikakatwa vyuma chakavu bila kubeba hata pipa moja. Nyingine, Andrew J. Higgins, iliuzwa Chile na sasa inaitwa Almirante Montt. Zilizobaki zilifanya kazi bila kupumzika, katika vita na katika amani, kiasi kwamba meli mpya ya kwanza ilipokabidhiwa, Julai 2022, ile ya kwanza ya zamani ilikuwa inakaribia miaka thelathini na sita baharini.

Uzee wa meli hauonekani kutoka gatini, kwa sababu rangi hupakwa kila mara. Unaonekana asubuhi, saa mbili, wakati watu sita wanapopewa nyundo za kugongea kutu na kuelekezwa sehemu ile ile waliyoigonga mwezi uliopita. Unaonekana katika mabomba yenye vibandiko juu ya vibandiko, kila kimoja na tarehe yake iliyoandikwa kwa chaki ya rangi. Wakati fulani tulihitaji kipuri cha vali ambacho mtengenezaji wake alikuwa ameacha kukitengeneza, na mafundi wetu wa mashine wakakichonga wenyewe kwa siku tatu. Tulijivunia. Leo nikifikiri, naona kwamba fahari ile ilikuwa na kasoro ndani yake: tulikuwa tumeshaanza kuyahesabu mapengo ya meli kuwa ni ujuzi wetu, na mtu akifika hapo ni rahisi asitake meli ibadilishwe.

Sababu kubwa ya kubadilisha, hata hivyo, haikuwa uzee peke yake. Meli nyingi za daraja lile zilijengwa kwa ukuta mmoja: upande huu wa chuma kuna mafuta, upande ule kuna bahari. Ni tatu tu za mwisho zilizopewa kuta mbili. Kilichobadilisha fikra ni ajali ya Exxon Valdez, ambayo tarehe 24 Machi 1989 ilipanda mwamba huko Alaska na kumwaga takriban galoni milioni 11 za mafuta ghafi. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka meli za mafuta ziwe na kuta mbili, na mikataba ya kimataifa ikafuata mkondo huo. Meli za jeshi na za usaidizi wake zimeachwa nje ya masharti hayo, kwa hiyo kisheria hatukuwa na kosa. Lakini miaka ilivyokwenda ikawa kila meli ya biashara iliyotupita ilikuwa salama kuliko sisi kwa upande huo, na hilo ni jambo la kumkera baharia hata kama mwanasheria halimsumbui. Kuna mzunguko mmoja ambao wenzangu wa San Diego hupenda kuusimulia: Exxon Valdez yenyewe ilijengwa San Diego, katika karakana ya NASSCO, na ni karakana hiyo hiyo inayojenga meli zetu mpya za kuta mbili.

Meli mpya ni za daraja la John Lewis. Tulipozisikia sifa zake kwa mara ya kwanza, mabishano katika chumba cha kulia yalikuwa makali, na mimi nilikuwa upande wa wapinzani. Meli mpya ina urefu wa futi 742, yaani kama mita 226, wakati ile ya zamani haikuzidi mita 207. Uzito wake ikiwa imejaa unakaribia tani 50,000. Pamoja na ukubwa wote huo inabeba mapipa 157,000, wakati meli yetu kongwe yenye ukuta mmoja ilibeba mapipa kama 180,000. Nilisema kwa sauti kwamba sijawahi kuona mtu akinunua sufuria kubwa ili apike wali mdogo. Watu walicheka, nami nikadhani nimeshinda.

Niliubadilisha msimamo wangu siku nilipoingia ndani ya nafasi iliyo kati ya kuta hizo mbili. Huingii hivi hivi. Kwanza hewa hupimwa kwa kifaa, kwa kuwa chuma kinachoota kutu hula oksijeni na mtu anaweza kuanguka kimya kimya akidhani amechoka. Mtu mmoja hubaki mlangoni na daftari la majina. Kisha unashuka kwa tundu ambalo mabega hupita kwa kugeuzwa, na chini kabisa unajikuta katika ujia mwembamba wa giza, mkono wa kushoto ukigusa chuma chenye baridi ya bahari, mkono wa kulia ukigusa chuma chenye uvuguvugu wa mafuta. Nilisimama pale na tochi. Mapipa elfu ishirini na tatu yaliyopungua yalikuwa hapo, katika upana ule ambao nilikuwa nimeuita hasara.

Hapo hapo nililiona jambo la pili, ambalo watetezi wa meli mpya hawakulitaja. Nafasi hizo hujazwa maji ya bahari ili meli isielee juu mno inapokuwa tupu, na mchanganyiko wa maji ya chumvi, hewa na joto la mafuta ya upande wa pili ndio unaopendwa zaidi na kutu. Katika meli kongwe kutu ilituzunguka juu ya sitaha, tukaiona, tukaitukana, tukaigonga. Katika meli ya kuta mbili imehamia mahali ambapo mtu hufika kwa ratiba tu. Nilimkumbuka ami, aliyekuwa akisubiri maji ya bamvua yapwe ili jahazi lilale ubavu, kisha anatambaa chini ya tumbo lake na kidole, akibonyeza kila mshono, wakati mwenye jahazi amesimama juu akisifia mlingoti mpya. Rangi ya ndani ya nafasi zile bado ilikuwa nyeupe na safi nilipoiona. Natamani kujua itakuwaje baada ya miaka ishirini, na ni nani atakayepewa muda wa kushuka.

Kuhusu kujengwa kwa meli zenyewe nitasema machache, maana sikuwepo. Mkataba wa meli sita za kwanza ulitolewa Juni 2016, wenye thamani ya takriban dola bilioni 3.2, na mpango mzima ni wa meli 20. Julai 2018 lango la gudi, yaani bwawa kavu la kujengea meli, katika karakana ya NASSCO lilishindwa kuzuia maji, gudi likafurika, na ratiba ya meli ya kwanza ikavurugika. Septemba 2024 zikaagizwa nyingine nane kwa mkupuo mmoja kwa zaidi ya dola bilioni 6.5. Anayejua kugawanya ataona kwamba bei ya meli moja haikushuka jinsi zilivyozidi kuagizwa, ingawa mafundi wale wale wanazijenga kwa michoro ile ile. Mwenye kuchelewesha kubadilisha meli huambiwa anaokoa fedha, na kwa miaka michache huenda ni kweli.

Miezi yangu ya kwanza katika meli mpya ilinifedhehesha, na ni vyema niandike ilivyokuwa. Chumba cha kudhibiti shehena kilikuwa na skrini zinazoonyesha kina cha mafuta katika kila tangi. Sisi tuliotoka meli kongwe tulikuwa tumezoea kupima kwa utepe wenye kitu kizito mwishoni, ukiushusha kwa tundu, ukiuvuta, ukisoma alama ya unyevu, na tuliamini utepe kuliko maandishi ya kijani. Usiku mmoja tukijiandaa kuhamisha mafuta kutoka tangi moja hadi jingine, skrini ilisema jambo na utepe wangu ukasema jingine. Nilimwambia afisa wa zamu, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa ametoka chuoni, kwamba mtambo una hitilafu. Nilimwambia kwa lugha ya heshima, lakini sauti yangu ilikuwa ile ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba alikuwa hajazaliwa wakati sisi tunaanza kazi. Aliniuliza swali moja: umehesabu mlalo wa meli? Sikuwa nimehesabu. Meli ilikuwa imelalia tezi kwa sababu ya mpangilio wa shehena, na tundu la kupimia katika meli hii mpya halikuwa katikati ya tangi kama nilivyozoea bali nyuma yake, hivyo utepe wangu ulikuwa ukisoma kina kikubwa kuliko kilichokuwepo. Skrini ilikuwa imeshafanya hesabu hiyo. Kama tungelifuata neno langu tungelikuwa tunadhani tuna mafuta ambayo hatunayo.

Tangu usiku huo nimekuwa nikijaribu kutenganisha mambo mawili ambayo zamani niliyaweka katika kapu moja. Kuna ujuzi wa kazi, na kuna ujuzi wa meli fulani. Kusimama nje ya kitanzi ni ujuzi wa kazi. Utahama nao popote. Kujua kwamba kamba hujisokota karibu na bomba la tatu ni ujuzi wa meli, nao hufa siku meli inapofungwa gatini kwa mara ya mwisho, na mwenye kuubeba hadi meli nyingine anaweza kumuumiza mtu kwa kujiamini. Serahangi wetu alikuwa na vyote viwili kwa wingi, na kwa kuwa havikuandikwa popote, hata yeye asingeweza kukuambia kipi ni kipi. Alistaafu kabla sijahama. Nilianza kuweka daftari. Kila nilipojifunza kitu katika meli mpya, nilikiandika upande mmoja au mwingine wa ukurasa, na nikawaomba vijana waandike ya kwao, maana wao ndio waliokuwa wa kwanza kugundua kwamba taa moja ya kituo cha nyuma humulika macho ya mwendesha winchi upepo ukiwa wa kulia na meli ikayumba. Ukurasa wa meli mpya ulijaa haraka kuliko nilivyotarajia. Meli isiyo na kasoro za uzee ina kasoro za utoto, nazo hazina mzee wa kuzieleza.

Ila jambo ambalo halimo katika daftari lolote ni watu. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba meli 17 za usaidizi zingewekwa kando kwa muda mrefu ili mabaharia wake wagawanywe kwenye meli nyingine, kwa kuwa watu hawakutosha. Nililisoma tangazo hilo nikiwa likizo Norfolk, mke wangu akiwa jikoni, na nilirudia kulisoma kwa sababu nilifikiri nimekosea tarakimu. Taifa linajenga meli mpya kwa mabilioni na wakati huo huo linafunga nyingine kwa kukosa wa kuziendesha. Sitaki kulirahisisha. Kazi hii humweka mtu baharini miezi minne na zaidi kwa mfululizo, wakati meli za biashara na kazi za nchi kavu zinawaita watu wenye vyeti vile vile, na kijana mwenye mtoto mchanga hufanya hesabu yake. Kumpata baharia mwenye uwezo wa kusimamia kituo cha kujazia mafuta kunachukua miaka, na hakuna karakana inayoweza kumjenga.

Septemba mwaka huo huo, binamu yangu aliyeko Maskati alinitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chake cha Kimanga akiniuliza kama niko salama, maana amesikia meli ya mafuta ya Wamarekani imepata ajali karibu na pwani yao. Ilikuwa USNS Big Horn, meli ya daraja la Kaiser, yenye ukuta mmoja, iliyokuwa ikizihudumia manowari zilizofuatana na meli ya kubebea ndege Abraham Lincoln. Iliharibika sehemu ya usukani na maji yakaingia katika sehemu ya mitambo yake. Hakuna mtu aliyeumia na mafuta hayakuvuja. Sikuwa ndani yake. Nilimjibu binamu kwamba niko salama, kisha nikakaa nikifikiri juu ya manowari zote zile, na kundi zima la ndege, zikitazama meli moja tu iliyochelewa kustaafu.

Binamu huyo huyo ndiye aliyenikumbusha jambo la furaha zaidi. Meli nyingi za daraja jipya zimepewa majina ya watu waliopigania haki: John Lewis mwenyewe, Earl Warren, Lucy Stone, Sojourner Truth, na mmojawapo ni Thurgood Marshall. Sisi wa Kenya tuna hisa katika jina hilo. Mwaka 1960, kabla hajawa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Marshall aliwashauri wajumbe wa Kiafrika katika mazungumzo ya katiba ya Kenya kule Lancaster House, London, na akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya nchi iliyokuwa bado haijapata uhuru. Nimeomba kupangiwa meli hiyo itakapokuwa tayari. Maombi ya namna hiyo hayana uzito wowote katika upangaji wa mabaharia, lakini nimeyaandika.

Kwa sasa nimo katika meli yangu mpya, na mimi ndiye ninayevaa kofia ya njano kwenye kituo cha kushoto. Wiki iliyopita alipanda kijana kutoka Louisiana ambaye hajawahi kushika kamba kubwa kuliko ya kufungia mbwa. Asubuhi ya jana, manowari ikiwa bado nyuma yetu kiasi cha mita mia nne, nilimwonyesha mikunjo ya kamba iliyolazwa sitahani nikamwomba aoneshe kwa kidole mahali ambapo hatasimama. Alionesha sehemu tatu. Nilimwonesha ya nne. Halafu akaniuliza kwa nini ninaupiga teke mlango wa bohari kila nikiufunga, ilhali unafungika vizuri tu. Sikuwa na jibu la haraka, na darajani bendera ya R ilikuwa imekwisha kupandishwa mpaka juu, ishara kwamba tuko tayari manowari isogee, kwa hiyo nilimwambia avae glavu zake.